Ubia wa serikali, kampuni na asasi katika miradi ya umma: fedha zinatoka wapi hasa?

#1 Kalamu Kavu (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Kila mradi mkubwa wa umma unapotangazwa siku hizi, tunaambiwa kwamba serikali haitatoa hata senti moja kwa sababu mbia kutoka sekta binafsi ndiye atakayeleta fedha. Nadai kwamba kauli hiyo inapotosha. Mbia haleti sadaka. Analeta mtaji, na mtaji hurudi kwa mwenyewe ukiwa na faida juu yake. Wanaourudisha ni wawili tu: mtumiaji anayelipa tozo, na mlipakodi anayelipia kupitia bajeti. Upande wa tatu wa meza, yaani asasi isiyo ya kiserikali, ndio pekee unaoweza kutoa bila kudai kurudishiwa, na kwa bahati mbaya ndio wenye mfuko mwembamba kuliko wote.

Tufanye hesabu tupu. Mkopo wa milioni 100 ukilipwa kwa marejesho sawa ya kila mwaka kwa miaka 25, kwa riba ya asilimia 5 utakuwa umegharimu jumla ya milioni 177 hivi. Kwa riba ya asilimia 9 utafika milioni 254. Jengo ni lilelile na saruji ni ileile. Kwa kuwa serikali kwa kawaida hukopa kwa riba ndogo kuliko kampuni, naomba nielezwe: zile milioni 77 za ziada zinanunua nini?

#2 Mpima Viwanja

Mkuu, zinanunua ukimya. Serikali ikikopa yenyewe, deni linaonekana kwenye vitabu vyake na wabunge wanapiga kelele. Kampuni maalumu ya mradi ikikopa kwa niaba yake, deni linageuka kuwa "malipo ya huduma" ya kila mwaka, na hakuna anayeliita deni. Funika kombe mwanaharamu apite.

Uingereza ndiyo shule ya jambo hili. Mpango wao ulianza mwaka 1992, na ofisi yao ya ukaguzi wa taifa ilipoandika ripoti Januari 2018 ilihesabu mikataba zaidi ya 700 iliyokuwa ikifanya kazi, yenye thamani ya ujenzi ya pauni bilioni 60 hivi. Malipo yaliyokuwa yamebaki mbele, hadi miaka ya 2040, yalikuwa pauni bilioni 199. Oktoba mwaka huohuo waziri wao wa fedha alitangaza kwamba hakuna mkataba mpya wa aina hiyo utakaosainiwa.

#3 Wakili wa Zabuni

Namba za ndugu Mpima Viwanja ni sahihi, lakini anazilinganisha vibaya. Ndani ya zile bilioni 199 hamna ujenzi peke yake. Mna pia matengenezo, usafi, ulinzi na ukarabati wa miongo miwili na zaidi. Anayeweka bei ya nyumba mizani moja na bei ya nyumba pamoja na mlinzi, fundi bomba na mfagiaji wa miaka 25 atashtuka bila sababu.

Nikirudi kwa mleta uzi, zile milioni 77 ni bei ya hatari. Mtafiti Bent Flyvbjerg na wenzake walichunguza miradi 258 ya usafirishaji na kuchapisha matokeo mwaka 2002: katika miradi 9 kati ya 10 gharama ilizidi makadirio, na wastani wa kuzidi ulikuwa asilimia 45 kwa reli na asilimia 20 kwa barabara. Mradi wa kawaida wa serikali ukizidi bajeti, anayeziba pengo ni mlipakodi. Katika ubia ulioandikwa vizuri, serikali haianzi kulipa mpaka jengo lifunguliwe na kupita ukaguzi; mkandarasi akichelewa, riba inamla yeye. Kwa hiyo swali si kwamba riba ya asilimia 9 ni kubwa, bali ni hatari gani imehamishwa, na imehamishwa kweli au kwa maandishi tu.

#4 Kalamu Kavu

Nashukuru, Wakili, umenipa maneno niliyokuwa nayatafuta: "kwa maandishi tu". Hospitali haiwezi kufungwa kwa sababu mbia amefilisika, na mbia analijua hilo tangu siku ya kwanza. Carillion, kampuni kubwa ya ujenzi ya Uingereza, ilipoanguka Januari 2018, ilikuwa na hospitali mbili mikononi ambazo hazijakamilika, moja Liverpool na nyingine karibu na Birmingham. Serikali ikalazimika kuzichukua na kuzimalizia kwa fedha zake, na ile ya Liverpool ikafunguliwa Oktoba 2022. Hatari ilihamia kwa nani hapo?

#5 Wakili wa Zabuni

Kwa sehemu kubwa ilihamia kwa wawekezaji, mkuu, nao waliumia. Wenye hisa wa kampuni hiyo waliambulia patupu, na waliotia fedha katika hospitali hizo walipata hasara nzito. Nakubali kwamba wagonjwa walisubiri miaka. Muda ni hatari ambayo hakuna mkataba unaoweza kuihamisha.

Mfano mwingine ni barabara ya tozo ya Indiana, Marekani. Mwaka 2006 jimbo liliikodisha kwa miaka 75 na kupokea dola bilioni 3.8 taslimu. Magari hayakufika idadi iliyotarajiwa, na mwaka 2014 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Jimbo halikurudisha hata dola moja, barabara haikufungwa, na mwaka uliofuata akapatikana mwendeshaji mwingine.

#6 Msoma Vifungu

Umechagua mfano unaokufaa, Wakili. Na mimi naleta wangu.

Desemba 2008 Halmashauri ya Jiji la Chicago iliidhinisha, ndani ya siku chache baada ya kupewa karatasi, mkataba wa kukodisha mita zake za maegesho zipatazo 36,000 kwa miaka 75 kwa dola bilioni 1.15. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa jiji hilohilo akakadiria kuwa jiji lilipokea pungufu kwa dola milioni 974 hivi kuliko thamani ambayo mita hizo zingekuwa nayo mikononi mwake. Lakini kilichonikera zaidi ni kifungu cha fidia. Jiji likifunga mtaa kwa ajili ya ukarabati au sherehe na magari yasiegeshwe, linamlipa mwekezaji mapato aliyoyakosa. Maana yake, kila mpanga miji akitaka kupanua njia ya waenda kwa miguu anaanza kwa kupiga hesabu ya fidia. Serikali haikuuza mita tu, iliuza pia uhuru wa kuutumia mtaa wake kwa miaka 75. Huyo ndiye mbuzi kwenye gunia.

#7 Mpima Viwanja

Na fedha zenyewe sehemu kubwa zilitumika kuziba mapengo ya bajeti ndani ya miaka michache. Wajukuu watalipa maegesho ya babu zao.

#8 Wakili wa Zabuni

Hapo tunachanganya mambo mawili, nami nimeshiriki kuyachanganya kwa kuitaja Indiana. Kukodisha mali ambayo tayari ipo ni jambo moja. Kumwalika mbia ajenge ambacho hakipo ni jambo jingine. La kwanza ni sawa na kuweka shamba rehani ili upate fedha za leo. La pili linaleta kitu kipya ardhini. Tafadhali tujadili la pili.

#9 Daktari wa Zamu

Basi tujadili Lesotho, kwa sababu kule kulijengwa kitu kipya. Mkataba ulisainiwa mwaka 2008, hospitali ya rufaa ya Malkia 'Mamohato jijini Maseru ikafunguliwa mwaka 2011, na makubaliano yalikuwa ya miaka 18. Huduma zote, pamoja na za kitabibu, ziliendeshwa na muungano wa kampuni ulioongozwa na kampuni ya hospitali kutoka Afrika Kusini. Kufikia mwaka 2014 hospitali hiyo moja ilikuwa inakula zaidi ya nusu ya bajeti nzima ya afya ya nchi. Mwaka 2021 serikali ilivunja mkataba. Sihitaji kuongeza neno.

#10 Bi Takwimu

Daktari, kwa heshima, neno linahitajika. Hiyo "zaidi ya nusu" ni asilimia 51 iliyoandikwa na shirika la hisani la Oxfam katika ripoti yake ya 2014, na Benki ya Dunia, ambayo tawi lake lilikuwa mshauri wa mradi, iliipinga namna ilivyokokotolewa. Tuseme ni kadirio lenye ubishi, tusiseme ni hesabu iliyofungwa. Pili, tathmini ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston ilionyesha kwamba kiwango cha vifo hospitalini kilishuka ukilinganisha na hospitali ya zamani. Mama aliyepona pale hajali fomula ya malipo.

Tatizo, kwa maoni yangu, lilikuwa kwenye kikomo. Mkataba ulihesabu wagonjwa wa kulazwa 20,000 na wa nje 310,000 kwa mwaka. Kila aliyezidi hapo alilipiwa zaidi. Ukijenga hospitali nzuri kuliko zote nchini, wagonjwa watakuja. Kwa hiyo kufanikiwa kwa hospitali ndiko kulikoifilisi bajeti.

#11 Daktari wa Zamu

Nimekubali kusahihishwa kuhusu asilimia. Kuhusu kikomo, naongeza kwamba mgonjwa akishafika mlangoni huwezi kumwambia kuwa yeye ni wa 20,001.

#12 Fundi Sakiti

Mimi si mtu wa riba wala hisa. Mimi ni fundi umeme. Niliwahi kufanya kazi katika shule iliyojengwa kwa ubia, na niwaeleze mkataba wa miaka 25 unavyoonekana ukiwa umeshika bisibisi.

Soketi moja ya darasani ilikuwa imelegea. Kazi ya dakika kumi. Mwalimu mkuu hakuruhusiwa kunituma moja kwa moja, ijapokuwa nilikuwa nimesimama mbele yake. Alitakiwa kujaza fomu kwenda kampuni ya mradi, kampuni ya mradi ikaipeleka kwa kampuni ya matengenezo, nayo ikarudisha makisio ya bei, kwa sababu walibishana kama soketi ililegea kwa uchakavu, ambao ni jukumu lao, au kwa wanafunzi kuichezea, ambalo ni jukumu la shule. Zilipita wiki tatu. Soketi ikafunikwa kwa kipande cha boksi na gundi ya karatasi, na juu yake mtu akaandika kwa kalamu "inasubiri makubaliano".

Niseme na upande wa pili, nisije nikaonekana mlalamishi. Paa la shule ile halikuvuja hata siku moja. Katika shule za kawaida nilizohudumia, bajeti ya ukarabati ndiyo ya kwanza kukatwa kila mwaka. Pale haikukatika, kwa sababu ilikuwa imefungwa ndani ya mkataba.

#13 Msoma Vifungu

"Inasubiri makubaliano." Hiyo ndiyo kaulimbiu ya uzi huu, Fundi.

#14 Wakili wa Zabuni

Fundi amesema katika mistari miwili jambo ambalo sisi tunaliandikia kurasa arobaini: ubia hulinda matengenezo dhidi ya wanasiasa. Lakini sifa hiyohiyo ndiyo ubaya wake, kwa kuwa mwaka wa shida serikali itakata kila kitu isipokuwa malipo ya ubia. Zahanati isiyo na mkataba ndiyo itakayokosa dawa.

#15 Bi Takwimu

Naona tumesahau upande wa tatu ambao umo hadi kwenye kichwa cha uzi. Kuna aina ya ubia ambamo mwekezaji hulipwa kwa matokeo: asasi inafanya kazi, mwekezaji anatanguliza fedha, serikali inalipa ikiwa tu lengo limefikiwa. Wa kwanza ulikuwa Peterborough, Uingereza, mwaka 2010. Wawekezaji 17, wengi wao wakfu za hisani, walitoa pauni milioni 5 kuwasaidia wafungwa wa vifungo vifupi wasirudie makosa. Lengo lilikuwa kupunguza urudiaji kwa asilimia 7.5, matokeo yalikuwa asilimia 9, na mwaka 2017 wawekezaji walirudishiwa mtaji pamoja na faida ya zaidi kidogo ya asilimia 3 kwa mwaka. Hapa hatari ilihama kweli, Kalamu Kavu.

#16 Kalamu Kavu

Ilihama kutoka wapi kwenda wapi? Umesema mwenyewe kwamba wengi wao ni wakfu za hisani. Fedha za sadaka zilibeba hatari ili serikali isiibebe. Na New York walifanya hivyo waziwazi zaidi: mwaka 2012 benki ya Goldman Sachs ilikopesha dola milioni 9.6 kwa mpango wa vijana wa gereza la Rikers Island, na wakfu wa Bloomberg ukaweka dhamana ya dola milioni 7.2. Urudiaji haukupungua na mpango ukafungwa mwaka 2015. Benki ilijiita mwekezaji jasiri huku robo tatu ya mkopo wake ikiwa imelalia mto wa hisani.

#17 Mpima Viwanja

Mto wa hisani! Nami nautaka, nianze kukopesha.

#18 Bi Takwimu

Mzaha wako una hoja, lakini mlipakodi wa New York hakulipa kwa mpango ulioshindwa, na hilo ndilo lililoahidiwa. Kwa nini hisani isitumike kama dhamana? Dola moja ikitolewa kama msaada inatumika mara moja. Ikiwekwa kama dhamana inaweza kuvuta kadhaa. Serikali nazo zimefanya hivyo kwa ahadi zao: mwaka 2006 ulianzishwa utaratibu wa kuuza hati fungani zinazotegemea ahadi za nchi wafadhili za miaka mingi mbele, ili Gavi, shirika la kimataifa linalopeleka chanjo katika nchi maskini, ipate fedha za chanjo leo. Hapo mkopo ulikuwa na maana, kwa sababu mtoto anayehitaji chanjo leo hawezi kusubiri ahadi ya miaka 15.

#19 Daktari wa Zamu

Kuhusu Gavi nina la kuongeza. Mwaka 2009 serikali tano na wakfu wa Gates ziliahidi dola bilioni 1.5 kwa watengenezaji wa chanjo ya nimokoka (bakteria wanaosababisha nimonia), kwa sharti kwamba bei ya muda mrefu isizidi dola 3.50 kwa dozi. Chanjo zilifika katika nchi maskini mapema kuliko ilivyokuwa desturi. Hata hivyo, Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka) walilalamika kwamba sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwa kampuni mbili kubwa ambazo tayari zilikuwa na chanjo hiyo. Je, tulinunua ugunduzi au tulinunua haraka? Binafsi naona haraka nayo ina thamani yake.

#20 Mzee wa Leja

Nimesoma yote kimyakimya. Nilikuwa mhasibu wa asasi kwa miaka mingi, na ninaona mnajadili ubia wa pande tatu kana kwamba pande tatu zina nguvu sawa.

Tulikuwa na mradi wa maji. Serikali ilipaswa kutoa sehemu yake kwa awamu nne, kampuni ingechimba na kufunga pampu, sisi tungeunda kamati za watumiaji na kuzifundisha kutunza vitabu. Awamu ya pili ya serikali ilichelewa miezi kumi na moja. Mkataba wa kampuni ulikuwa na kifungu cha riba ya ucheleweshaji na dhamana ya benki, kwa hiyo kampuni ilisimamisha mtambo, ikakaa, ikahesabu siku. Mkataba wetu ulikuwa na neno "kwa nia njema". Wanakijiji walikuwa wameshachangia na walitujua sisi kwa majina. Basi tukachota kwenye akiba yetu tukalipia mabomba, tukiamini tutarudishiwa.

Mleta uzi anauliza nani analipa. Katika uzoefu wangu, pengo huliziba yule ambaye mkataba wake una vifungu vichache kuliko wengine.

#21 Msoma Vifungu

Mzee shikamoo. Ulichokisema kinaendana na utafiti wa mchumi José Luis Guasch wa mwaka 2004. Alipitia mikataba zaidi ya 1,000 ya Amerika ya Kusini na Karibi, akakuta kama asilimia 30 ilifunguliwa na kujadiliwa upya, na katika sekta ya maji ilifika asilimia 74. Wastani wa muda tangu kusainiwa hadi kufunguliwa ulikuwa miaka 2.2 tu. Kampuni inashinda zabuni kwa bei ya kutupa, kisha inarudi mezani wakati hakuna mshindani tena. Kwa hiyo mimi naona tatizo si riba wala hatari. Tatizo ni kwamba mnada wa kweli hufanyika baada ya mnada.

#22 Wakili wa Zabuni

Tahadhari: katika mikataba ile si kampuni pekee iliyofungua majadiliano, serikali nazo zilifungua, hasa baada ya uchaguzi. Mwanasiasa anasaini tozo leo na kuifuta kesho. Daraja la Skye kule Uskoti lilifunguliwa mwaka 1995 kwa tozo ambayo wakazi waliigomea kwa miaka, na mwaka 2004 serikali ikalinunua kwa pauni milioni 27 hivi na kuifuta. Wakazi walishangilia. Mlipakodi asiyewahi kukanyaga kisiwa kile ndiye aliyelipa.

#23 Fundi Sakiti

Kwa hiyo ukimwepusha mtumiaji unampata mlipakodi, na ukimwepusha mlipakodi unampata mtumiaji. Tumerudi #1.

#24 Kalamu Kavu

Tumerudi, ila mimi sijarudi nilivyokuwa. Nakubali kwamba fungu la matengenezo lililofungwa ndani ya mkataba lina thamani ambayo hesabu yangu ya riba haikuiona, na bado sikubali kwamba lina thamani ya milioni 77 kwa kila milioni 100. Wakili, kuna njia ya kulifunga fungu hilo kwa sheria bila kumwita mbia?

Na Mzee wa Leja, shikamoo. Zile fedha za mabomba mlirudishiwa?

#25 Wakili wa Zabuni

Ipo: mfuko wa ukarabati wenye tozo yake, kama mifuko ya barabara ya nchi nyingi. Lakini mfuko wa namna hiyo hauna mkopeshaji wa kuushitaki waziri anapouchota, na ubia unaye. Nitaanzisha uzi wake.

#26 Mzee wa Leja

Marahaba, mwanangu.

Niliziandika kwenye vitabu kama fedha tunazoidai serikali. Mwaka wa kwanza mkaguzi alizipitisha. Wa pili aliomba barua ya mdaiwa kuthibitisha deni. Tukapeleka nakala tatu, ikarudi moja, imepigwa muhuri wa "imepokelewa" bila saini. Mwaka wa nne alitushauri tuzifute. Nilizifuta mimi mwenyewe, na kwenye safu ya maelezo, palipokuwa pameandikwa "deni", nikaandika "mchango wa asasi katika mradi". Pampu inafanya kazi mpaka leo. Kwenye kibao chake kuna majina mawili, na letu halimo.